Sura ya Saba: Joto la Arobaini

Agness, msichana wa kazi, alikuwa na siku tatu mahabusu, na mtoto mchanga wa nyumba aliyotumika bado alikuwa anazorota. Jambo hilo ndilo lililomkosesha Sajini Philomena hamu ya chai asubuhi ile ya Julai. Kama mkono uliotia sumu umefungiwa hatua kumi kutoka mezani kwake, basi sumu inatoka wapi?

Mkuu wake alishasema. Kesho saa tatu msichana anapelekwa mahakamani kwa mauaji ya Bi Zaitun, aliyekuwa anamhudumia mzazi wa nyumba hiyo. Na ushahidi haukuwa mdogo. Uji wa mzazi alikuwa anapika yeye peke yake. Marehemu na mzazi wote wawili walilalamika kwamba ule uji una ladha ya chuma. Halafu kwenye begi lake, chini ya nguo, ilikutwa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Uji uliobaki ulipelekwa Mwanza kupimwa na majibu yalikuwa bado.

Philomena alimtoa Agness, akamkalisha kwenye benchi la uani penye jua, maana ukungu ulikuwa haujaisha na binti alikuwa anatetemeka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtu wa Kenyamonta. Habari ya chupa alishaieleza mara nne na hakubadilisha neno: baba yake alimwagiza, kupe wamezidi, angempelekea mwisho wa mwezi. Sajini alikuwa ameiangalia ile chupa kwa macho yake. Utepe wa kizibo ulikuwa haujakatwa.

Kwa hiyo leo hakumuuliza habari ya sumu. Alimwambia amsimulie Bi Zaitun alivyougua, siku kwa siku, kama mtu anayesimulia safari.

Agness alisema ilianza na kikohozi. Kisha mikono ikawa inatetemeka, kikombe kikishikwa chai inamwagika. Fizi zikatoa damu. Na ile ladha ya mdomoni, alikuwa anasema ni kama amelamba shilingi.

"Alisema hivyo baada ya kunywa uji?"

"Hata kabla, mama. Akiamka tu anasema. Uji nilikuwa sijauepua."

Philomena aliandika hayo, akapiga mstari chini yake. Aliposimama, msichana akamshika upindo wa sweta.

"Mtoto analia?"

Sajini hakupenda kumdanganya. Alimwambia mtoto hajalia tangu juzi. Anafunua mdomo tu, sauti haitoki. Agness aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti.

* * *

Nyumba ilikuwa Turwa, ya ukuta mrefu na geti jeusi. Mwenyewe ni Maftah, mnunuzi wa dhahabu. Baba yake alikuja Tarime kutoka pwani akiwa fundi cherehani, na Maftah naye angeshona kama si rashi, ule mmiminiko wa watu kufuata dhahabu. Mwaka ule machimbo ya Kerende yalikuwa yamefurika watu wa kila kabila, wengine wanachimba, wengine wanaosha udongo kwenye mialo, na dhahabu yao nyingi ilipita mikononi mwa watu kama Maftah. Asubuhi ile hakuwepo. Alikuwa ametoka na gari tangu alfajiri.

Mama yake, Bi Sabaha, ndiye aliyefungua. Marehemu Zaitun alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Philomena alimwamkia, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. Mama alieleza, huku vidole vikihesabu tasbihi, kwamba Jumatatu mtoto alipelekwa hospitali, akapewa dawa ya kifua, wakaambiwa wamrudishe akigoma kunyonya. Sasa ananyonya mara mbili, anaacha, analala.

"Mmemfunga mpishi," alisema, "na ugonjwa haukufungwa naye. Mimi sisemi kitu, mwanangu. Nakwambia tu ninachokiona."

Chumba cha mzazi kilikuwa na joto la jikoni siku ya maulidi. Dirisha lilikuwa limefungwa na nafasi zake zimezibwa kwa kanga. Juu ya kitanda, karibu na dari, kiyoyozi cheupe kilikuwa kinapuliza upole upole, na upepo wake ulikuwa wa moto. Chini yake alikaa Samira, mke wa Maftah, siku yake ya kumi na tisa tangu ajifungue. Alikuwa amempakata Imrani, mtoto wa kwanza. Mikono ya Samira ilikuwa inatetemeka, na mtoto alikuwa anatetemeka pamoja nayo.

Philomena aliuliza habari ya mashine, kwa kuwa hakuwahi kuona kiyoyozi cha kuleta joto. Bi Sabaha alimweleza, na kidogo alieleza kwa fahari. Mzazi ni lazima akae kwenye joto siku arobaini, upepo usimguse. Zamani ilikuwa jiko la mkaa chini ya kitanda. Lakini mwaka juzi, mtaa wa pili, mama na kichanga chake walikutwa wamekufa kwa moshi wa mkaa, mlango umefungwa. Ndipo Maftah akasema mzazi wake hatakaa na mkaa. Mashine hii wakati wa jua inaleta baridi, na wakati wa baridi inaleta joto. Haina moto, haina moshi.

"Nani alikuwa analala humu?"

Zaitun, akasema, kwenye godoro pale chini, na mzazi na mtoto kitandani. Yeye mwenyewe alikuwa analala chumba cha mbele kwa sababu joto lile linampandisha presha. Agness alikuwa analala stoo.

Watatu walilala humu, watatu wakaugua. Sajini aliliandika hilo.

Kisha akaomba wamhesabie siku, naye akiandika kila siku kwenye mstari wake. Siku za kwanza wote wazima. Siku ya sita kikohozi. Siku ya nane mikono. Walipofika Jumatano ya wiki iliyopita, Samira akasema siku ile walilala vizuri.

"Na Alhamisi pia," Bi Sabaha akaongeza. "Zaitun aliketi, akala ugali. Tukasema dawa imemwingia."

"Siku hizo uji alipika nani?"

"Agness. Kwani nani mwingine?"

Philomena aliinua kalamu. Alijaribu kukumbuka Jumatano ile, na kilichomjia ni yeye mwenyewe nyumbani kwake akitafuta mshumaa kabatini. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima, kuanzia Jumatano asubuhi mpaka Ijumaa. Aliuliza kama hapa nao ulikatika. Ulikatika, wakasema, walijifunika mablanketi matatu matatu. Ijumaa uliporudi baridi ilikuwa kali mno, wakapandisha mashine mpaka mwisho. Jumamosi kabla ya adhuhuri Zaitun akakata roho.

Uji haukukosekana hata siku moja. Kilichokosekana siku mbili ni umeme.

Aliangalia tena juu, kwenye ile mashine. Haikuwa na harufu yoyote.

"Na hereni?" aliuliza, maana zilikuwemo kwenye maelezo ya Maftah.

Samira alizitoa kwenye kopo la poda. Zilikuwa za dhahabu, za mahari, na sasa zilikuwa nyeupe kama bati. Maftah alipoziona Jumapili alisema ni bandia, yule msichana amebadilisha na kuiba za kweli, na siku hiyo hiyo ndipo begi lilipopekuliwa. Philomena alizisogeza kwenye mwanga wa taa. Upande wa mbele ulikuwa mweupe. Lakini ile sindano inayopita ndani ya tundu la sikio ilikuwa ya njano, safi, inang'aa.

Hakuna mwizi anayebadilisha nusu ya hereni. Zilikuwa hereni zile zile. Kuna kitu kimezilamba pale palipokuwa wazi.

* * *

Alizunguka nyuma ya nyumba. Boksi la nje la kiyoyozi lilikuwa limefungwa ukutani, feni yake inazunguka, na alipoweka kiganja mbele yake upepo ulikuwa wa baridi kuliko hata hewa ya Julai. Chini yake maji yalikuwa yanadondoka sakafuni. Hatua mbili kando, kutoka ukuta wa chumba, lilitokeza bomba jembamba la plastiki. Chini ya bomba palikuwa na beseni la bluu, kavu, lenye ukoko wa vumbi.

Kupitia dirisha la jiko alimuuliza Bi Sabaha beseni ni la nini. Mama alisema ni la maji ya mashine. Wakati wa jua hujaa kila siku, Maftah huyatia kwenye betri ya gari. Wakati huu wa baridi bomba hilo halitoi kitu.

Philomena aliinamisha beseni. Kwenye ufa wa chini kitu kiling'aa, kidogo kama punje ya ulezi. Alikigusa kwa kidole. Kikakimbia, kikagawanyika viwili, vikakimbiana, vikaungana tena kuwa kimoja. Alipojaribu kukishika kikamponyoka, kikaparuza pete yake ya ndoa na kupita.

Pale kilipopita, pete ikawa nyeupe.

Alisimama akiiangalia. Alikuwa amefanya kazi Kerende miaka miwili na aliwaona wanawake wa mialoni. Kabla hawajashika zebaki ya kukamatia dhahabu kwenye udongo, huvua pete na kuzifunga kwenye pembe ya kanga. Zebaki hula dhahabu. Mtoto wa darasa la pili wa Kerende analijua hilo.

Aliivua pete. Mumewe alikuwa na miaka sita kaburini, na haikuwahi kutoka kidoleni. Aliifunga kwenye karatasi, akaandika saa na mahali, kisha akaingia ndani kwa hatua ndefu na kuizima mashine kwenye swichi ya ukutani.

Bi Sabaha alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili. Alisema mzazi wa siku kumi na tisa hatolewi nje kwenye upepo. Alisema wamemzika mmoja Jumamosi, na hawezi kumwangalia mtu mwenye sare akimuua mjukuu kwa baridi.

"Mama," Philomena alisema, "sikwambii umtoe nje. Mtoe chumba hiki tu. Sebule ni ndani ya nyumba. Funga mapazia, mfunike unavyotaka, arobaini yako haijavunjika."

Bi Sabaha aligeuza kichwa kuiangalia sebule. Halafu akashusha mkono mmoja.

* * *

Fundi aliyefunga mashine alipatikana kwa simu, akaja na pikipiki. Aliitwa Nikolaus, kijana wa Sirari aliyejifunza friji upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa na vumbi la huko. Alikuwa bado anapanga bisibisi mezani gari la Maftah lilipoingia. Maftah aliingia na viatu mpaka sebuleni, akaona mkewe kwenye kochi, mama yake amesimama nyuma ya kochi kama askari, na akauliza nani ametoa ruhusa.

Sajini alisema ni yeye. Akamwomba akae, naye hakukaa. Akamuuliza kama amewahi kuchoma dhahabu katika nyumba hii, ile dhahabu mbichi inayotoka mialoni bado imeshikana na zebaki.

"Afande, mimi nanunua iliyokwisha kuchomwa. Kuchoma ni Kerende huko huko."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Philomena aliweka hereni mezani. Akasema mtu aliyenunua dhahabu miaka saba, anayeitambua kwa kuionja tu na ulimi, aliziona hizi Jumapili akasema bandia. Alisema hilo linamsumbua tangu asubuhi. Maftah alijibu kwamba alikuwa na msiba, macho yalikuwa na machozi.

Sajini hakubishana. Alimgeukia fundi, akamwambia aeleze mbele ya wote mashine inavyofanya kazi, na aeleze kama anamweleza mama yake.

"Sasa, madam, hii kitu haina moto," Nikolaus alisema. "Hata nje kukiwa na baridi, kwa hewa ya nje kuna joto kidogo. Ile boksi ya nje inalikusanya, gesi inalibeba kwa hii paipu ya shaba, inalileta ndani. Ndiyo maana ya nje inakuwa baridi na inatoa maji. Saa ya jua unaigeuza: inabeba joto ya ndani, inatupa nje. Sasa ya ndani ndiyo inakuwa baridi, ndiyo inatoa maji."

"Na hewa? Hewa ya chumba inatoka?"

"Hewa haitoki. Hewa ya ndani inazunguka tu ndani. Kinachovuka ukuta ni joto, basi."

"Si kweli," Maftah alisema. "Ile feni ya nje ndiyo inayovuta moshi na kuutoa."

Nikolaus alifungua mdomo kumjibu, Philomena akamnyamazisha kwa kidole.

"Moshi upi, Maftah?"

Mtoto alifunua mdomo kwenye mikono ya mama yake, akaufumba, na sauti haikutoka.

"Nimesema tu. Moshi wowote. Wa sigara."

"Huvuti sigara," alisema Samira.

Philomena alisema nyumba hii mkaa uliogopwa kwa ajili ya moshi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeleta mashine isiyo na moshi. Hakumpandishia sauti. Alimwambia kuna daktari atakayeuliza mtoto amevuta nini. Akiambiwa uji, atatibu tumbo. Akiambiwa kifua, atatoa tena dawa ya kifua kama Jumatatu. "Mimi siwezi kumwambia nisichokuwa nacho. Wewe ndiye unacho. Kila dakika unayokaa nacho, unakaa nacho juu ya kifua cha huyu."

Maftah alimtazama mama yake. Bi Sabaha hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama mlango wa chumba, pale godoro la mdogo wake lilipokuwa.

"Waswahili wamesema mficha uchi hazai," alisema mama kwa sauti ndogo. "Wewe umezaa. Sasa sema."

Ndipo akakaa. Alisema ni miezi minne, Januari mpaka Aprili. Aliwanunulia wachimbaji dhahabu mbichi kwa bei ya chini na kuichomea mwenyewe, katika chumba kile, dirisha limefungwa majirani wasione. Alichagua chumba kile kwa ajili ya kiyoyozi. Alikiwasha kwenye baridi, akasimama karibu yake, na kwa sababu feni ilikuwa inaunguruma nje aliamini ubaya wote unatoka nje. Wanunuzi wengine nao wanaamini hivyo. Mimba ya Samira ilipokuwa kubwa aliacha. Alipiga chumba rangi, akanunua godoro jipya. Mashine hakuifikiria.

"Na Jumapili?"

"Jumapili nilipoziona hereni nilijua. Nikadhani zebaki imebaki sakafuni. Nikadeki na sabuni mara tatu."

"Ukadeki. Kisha ukatuitia polisi tumchukue binti."

Maftah alizisukuma hereni mbali naye.

Nikolaus alikuwa ameshaingia chumbani. Alirudi na karatasi nyeupe aliyoikunja kama bakuli. Alikuwa amefungua kifuniko na kugonga mapezi, yale mabati membamba ya alumini ndani ya mashine. Kwenye mkunjo wa karatasi, vitone vya fedha vilikuwa vinakimbizana. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba mwezi wa tatu aliitwa kuzibua lile bomba la maji, akaona vitu kama hivi, akadhani ni mabaki ya kulehemu.

Kichwani mwake Philomena alikishika kipande cha mwisho cha fumbo na kukiweka mahali pake. Mvuke wa sufuria ukikuta mfuniko wa baridi hugeuka matone, ukikaa hapo hapo. Wakati wa jua zebaki iliyochomwa ilipanda, ikakuta mashine imepoa kama mfuniko, ikaganda humo miezi minne. Julai wakaupasha mfuniko moto. Usiku na mchana ikawa inawarudia, bila harufu, bila moshi, juu ya vichwa vya watu waliofungiwa ndani kwa nia njema.

"Leteni gari karibu na mlango," alisema.

Maftah aliinuka haraka, akachukua funguo. Bi Sabaha hakumngoja. Alikuwa ameshavua mtandio wake wa sufu na alikuwa anamfunga Imrani mara ya tatu, kichwani, kifuani, miguuni. Samira alimuuliza, kwa woga, habari ya upepo.

"Twende," mama mkwe alisema. "Arobaini tutaihesabia huko huko."

* * *

Saa kumi na nusu Philomena alikuwa mezani kwake. Alikuwa ameandika maelezo ya Maftah, yakasainiwa kila ukurasa, na Maftah alikuwa ameingizwa mahabusu ya wanaume kwa mlango ule ule mkubwa aliotolewa Agness asubuhi. Mkuu wake alisoma mpaka mwisho, akafuta jina la msichana kwenye orodha ya kesho, akaondoka. Vielelezo vilikuwa vinne: hereni jozi moja, beseni moja la bluu, chupa yenye vitone kutoka kwenye mashine, na pete moja ya ndoa, mali ya mpelelezi.

Alichukua funguo, akaenda kufungua chumba cha wanawake.

Agness alikuwa amesimama. Hakuuliza kama yuko huru, wala nani alifanya, wala begi lake liko wapi.

"Amelia?"

Mapema mchana ule daktari alikuwa amemwekea Imrani hewa ya mtungi puani, akatafuta mshipa mara tatu na kuukosa. Mara ya nne aliupata. Akasema mtoto amechelewa kuletwa lakini hajachelewa sana, na mengine yako kwa Mungu. Philomena alikuwa amesimama ukutani, kidole chake kitupu kimekunjwa ndani ya kiganja.

"Amelia," alisema. "Sindano ilipoingia. Wodi nzima waligeuka."

Msichana aliketi palepale kizingitini, akafunika uso kwa mikono yote miwili, na Sajini akauacha mlango wazi.